Hesabu Mbili za Idaho: Kilimo, Ajira na Maji

Katika majimbo makavu ya magharibi mwa Marekani, mjadala wa maji hauchelewi kufika kwenye hoja moja: kilimo huchukua karibu maji yote huku kikiajiri watu wachache, basi maji yakipungua, mkulima ndiye wa kubanwa. Wakulima nao hawakosi jibu. Husema kwamba mashamba yakikauka, viwanda, malori, maduka na miji midogo iliyojengwa kuyazunguka mashamba hayo havitasimama. Kila upande una takwimu, na kwa sehemu kubwa takwimu hizo ni za kweli. Tatizo ni kwamba zinapima vitu tofauti, kisha zinawekwa kwenye mizani moja. Jimbo la Idaho ni mahali pazuri pa kuufumbua mkanganyiko huo, kwa sababu huko mto, mwamba, shamba na kiwanda vimefungamana kiasi kwamba hakuna unachoweza kukigusa peke yake.

Sensa ya 2020 ilihesabu wakazi wapatao milioni 1.84 katika jimbo zima. Kusini mwake unapita mto Snake, unaotoka kwenye milima ya Wyoming na kuelekea magharibi ukikata uwanda mpana wa miamba ya volkano. Uwanda huo hupata mvua ya milimita 250 hivi kwa mwaka, tena nyingi hunyesha nje ya msimu wa kilimo, kwa hiyo viazi wala mahindi haviwezi kustawi kwa mvua peke yake. Kinachouokoa ni theluji inayolundikana milimani wakati wa baridi na kuyeyuka polepole kuanzia majira ya kuchipua. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1894, iliyojulikana kama Carey Act, ilifungua njia kwa makampuni binafsi kuchimba mifereji na kuuza haki za maji kwa walowezi. Bwawa la Milner lilipokamilika mwaka 1905, nyika iliyokuwa vichaka vitupu ilianza kugeuka mashamba kwa kasi iliyowafanya watu waliite eneo hilo Magic Valley, yaani bonde la miujiza. Mji wake mkubwa ni Twin Falls.

Tuanze na hesabu ya maji. Shirika la Jiolojia la Marekani lilikadiria kwamba mwaka 2015 umwagiliaji wa Idaho ulichota takriban galoni bilioni 15 kwa siku, sawa na lita zipatazo bilioni 58. Kwa kiasi hicho jimbo lilishika nafasi ya pili nchini, nyuma ya California ambayo ina watu zaidi ya mara 20 ya wale wa Idaho. Umwagiliaji peke yake ulikuwa zaidi ya asilimia 80 ya maji yote yaliyochotwa, wakati matumizi ya nyumbani na mijini hayakufikia asilimia 5. Msomaji anayeishia hapo ana haki ya kushtuka. Lakini takwimu hiyo inapima maji yaliyoondolewa mtoni, kwenye chemchemi au kisimani, bila kuuliza yalikwenda wapi baada ya hapo.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni samaki. Chini ya Twin Falls, kwenye kingo za korongo la mto Snake karibu na Hagerman na Buhl, maji hububujika kutoka kwenye miamba mahali panapoitwa Thousand Springs, yakiwa na nyuzijoto 15 hivi mwaka mzima. Maji hayo safi na yasiyobadilika joto yamewezesha ufugaji wa samaki aina ya trauti, na Idaho huzalisha sehemu kubwa zaidi ya trauti wanaofugwa kwa ajili ya chakula nchini Marekani. Mabwawa ya samaki hao huandikishwa kama watumiaji wakubwa sana wa maji, ilhali maji huingia upande mmoja, hupita katikati ya samaki, na hutoka upande wa pili kurudi mtoni karibu yote. Shamba la alfalfa, majani ya malisho ya jamii ya kunde, halifanyi hivyo: sehemu ya maji linayopewa huvutwa na mizizi na kupaa angani kupitia majani, na hiyo hairudi bondeni msimu huo, sehemu nyingine huzama ardhini au hutiririka hadi kwenye mtaro wa chini. Katika jedwali la takwimu, samaki na alfalfa huandikwa katika safu ya aina moja. Na kwa kuwa maji yaliyozama chini ya shamba la juu huweza kuibuka kwenye chemchemi ya mfugaji wa samaki, maji yaleyale huhesabiwa mara mbili, na pengine mara tatu, kabla hayajavuka mpaka wa jimbo.

Hesabu ya ajira nayo ina mchezo wake, ila unachezwa kwa kuelekea upande mwingine. Ukiwahesabu wenye mashamba na vibarua wao peke yao, hawafiki mtu mmoja kati ya kila kumi wanaofanya kazi Idaho. Wachumi wa Chuo Kikuu cha Idaho, wanaotoa tathmini ya sekta hiyo kila baada ya muda, huongeza viwanda vya kusindika mazao na zile kazi zinazotokana na fedha za mashamba kuzunguka kwenye uchumi, nao hupata kwamba takriban ajira moja kati ya nane au tisa inategemea kilimo, kutegemea mwaka. Tarakimu ya kwanza hupendwa na watu wa mijini na ya pili hupendwa na vyama vya wakulima. Mimi naona ya pili iko karibu zaidi na maisha ya watu wa Magic Valley, lakini ina udhaifu ambao watetezi wake hawautaji: inahesabu kazi zinazohusiana na kilimo leo, haituambii ni ngapi zingepotea iwapo maji ya mashamba yangepungua kwa sehemu moja ya kumi. Hayo ni maswali mawili tofauti, na la pili ndilo linalobishaniwa mahakamani.

Jibu lake linategemea ni zao gani litakaloachwa. Idaho hutoa karibu theluthi moja ya viazi mviringo vya Marekani, na sehemu kubwa ya viazi hivyo hupita viwandani kuwa chipsi zilizogandishwa au viazi vikavu, kwa hiyo ekari moja ya viazi hubeba kazi nyingi nyuma yake. Ekari ya nyasi za malisho hubeba kazi chache. Kwenye karatasi inaonekana rahisi: achaneni na nyasi, bakini na viazi. Shambani mambo ni mengine. Viazi havipandwi udongo uleule kila mwaka, kwani magonjwa na minyoo ya udongoni hujijenga haraka. Mkulima huvirudia baada ya miaka mitatu au minne, na katikati hupanda ngano, shayiri, viazisukari au alfalfa. Nyasi zinazodharauliwa ni sehemu ya mzunguko unaozalisha viazi. Tena nyasi hizo ndizo chakula cha ng'ombe, na maziwa kwa sasa ndiyo bidhaa ya kilimo yenye thamani kubwa kuliko zote Idaho. Sileji ya mahindi, yaani malisho mabichi yaliyovundikwa, ni nzito na hailipi kusafirishwa mbali, hivyo ng'ombe huwekwa pale malisho yanapolimwa, na viwanda vya maziwa hujengwa pale ng'ombe walipo.

Kwa hiyo ukitaka kujua lita moja ya maji imezaa kazi ngapi, lazima kwanza uamue pa kusimama: getini mwa shamba, kwenye mlango wa kiwanda, au mjini ambako dereva wa lori hununua mahitaji yake. Hakuna mahali palipo sahihi kwa kila swali. Wanaotoa takwimu wangetusaidia sana kama wangesema wamesimama wapi.

Mambo huwa magumu zaidi tukishuka chini ya ardhi. Uwanda wa mashariki wa mto Snake umelalia miamba ya basalti iliyojaa nyufa na mapango, yenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 28,000, na ndani yake kuna hazina kubwa ya maji ambayo mara nyingi hulinganishwa kwa ujazo na ziwa Erie. Walowezi wa mwanzo walimwagilia kwa kufurisha: walifungulia mfereji, maji yakapita kwenye matuta, na mengi yakazama. Mifereji yenyewe ilikuwa ya udongo na ilivuja. Kwa macho ya mhandisi huo ulikuwa upotevu. Kwa mwamba ulio chini ilikuwa mvua mpya isiyokatika kila kiangazi. Mwaka 1902 chemchemi za Thousand Springs zilitoa takriban mita za ujazo 120 kwa sekunde. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1950 zilikuwa zikitoa zaidi ya 190. Ongezeko hilo lilitengenezwa na wakulima bila wao kukusudia, na wafugaji wa trauti wakajenga biashara juu yake.

Kisha mambo mawili yakabadilika karibu wakati mmoja. Baada ya Vita Kuu ya Pili, pampu bora na umeme wa bei nafuu kutoka kwenye mabwawa viliwezesha watu kuchimba visima virefu na kulima maeneo ambayo mfereji haukuyafikia. Hapohapo, wakulima wa mifereji wakaanza kuacha kufurisha na kuhamia kwenye kunyunyizia. Visima viliongeza kinachotoka kwenye mwamba, nako kunyunyizia kukapunguza kinachoingia. Tangu miaka hiyo ya 1950, kwa makadirio ya wataalamu wa jimbo, hazina hiyo imepoteza kwa wastani zaidi ya ekari-futi 200,000 kila mwaka. Ekari-futi moja ni maji ya kufunika ekari moja kwa kina cha futi moja, sawa na mita za ujazo zipatazo 1,233, kwa hiyo tunazungumzia upungufu wa takriban mita za ujazo milioni 250 kwa mwaka.

Hapa ndipo hesabu ya maji na hesabu ya ajira zinapokutana, ingawa ni nadra kuzisikia zikitajwa pamoja. Kufurisha shamba kulitaka mikono mingi: kulikuwa na watu wa kusimamia matuta, kuhamisha vibomba vya kuvuta maji kutoka mfereji hadi shambani, na kulinda zamu usiku. Mabomba ya kunyunyizia ya mwanzo nayo yalihamishwa kwa mikono asubuhi na jioni, na kwa vijana wengi wa vijijini Idaho hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya kwanza ya likizo. Mitambo mirefu inayojizungusha kwa magurudumu ilipoenea, mtu mmoja aliweza kusimamia mamia ya ekari, siku hizi hata kwa simu. Teknolojia ileile iliyosifiwa kwa kuokoa maji ndiyo iliyopunguza vibarua wa umwagiliaji, na ndiyo iliyochangia kushuka kwa chemchemi. Maji yaliyookolewa shambani hayakubaki mtoni yakimsubiri mtu. Mengi yaliivisha mavuno makubwa zaidi. Ubora wa umwagiliaji una faida nyingi, ikiwamo mbolea chache kuvuja ardhini, lakini katika uwanda huu anayeutaja kama dawa ya upungufu anapaswa kueleza ni nani aliyekuwa akinywa yale yaliyokuwa yakivuja.

Sheria ya jimbo, kwa upande wake, haiulizi habari za ajira. Katiba ya Idaho, kama ilivyo kawaida ya magharibi, inafuata kanuni kwamba aliyetangulia kuchukua maji na kuyatumia kwa manufaa ndiye mwenye haki ya kwanza, na maji yakipungua, wa mwisho kuja hukatiwa wa kwanza, hata kama ana wafanyakazi mia na aliyemtangulia ana wawili. Haki isiyotumika kwa miaka mitano mfululizo inaweza kupotea. Ili kujua nani alianza lini, mahakama maalumu iliyoanza kazi mwaka 1987 ilipitia madai ya bonde zima la Snake na kukamilisha kazi mwaka 2014, baada ya kuamua haki zaidi ya 158,000. Kampuni ya mfereji ya Twin Falls ina haki ya Oktoba 1900. Visima vingi vilichimbwa nusu karne baadaye.

Kwa muda mrefu mto na visima vilitawaliwa kana kwamba ni maji mawili yasiyojuana. Kanuni za kuvisimamia kwa pamoja zilipitishwa mwaka 1994, na hapo ndipo mwenye mfereji au mwenye chemchemi alipopata njia ya kudai kwamba pampu iliyo kilomita nyingi kutoka kwake inamnyima maji. Mwaka 2005 makampuni ya trauti yalitoa dai la namna hiyo. Wakulima wa visima walijitetea kwa hoja ya kiuchumi: kwamba kuzima pampu katika maelfu ya ekari ili kuongeza maji machache tu kwenye mabwawa ya samaki kungeumiza jamii kuliko kuifaidi. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya Idaho iliikataa hoja hiyo. Uzito wa uchumi haukutosha kumpa aliyechelewa nafasi mbele ya aliyetangulia. Anayepitia mabishano ya ajira dhidi ya maji katika jimbo hili hana budi kuikumbuka hukumu hiyo, kwa maana iliziweka hesabu zote mbili kando na kuangalia tarehe.

Kuna jambo la kijiografia linaloifanya kanuni hiyo iwe ngumu kuitekeleza. Wakati wa kiangazi, mifereji ya Milner inaweza kuchukua karibu maji yote ya mto, na kwa sera ya jimbo hilo linaruhusiwa. Maporomoko ya Shoshone, yaliyo marefu kuliko Niagara, hubaki na michirizi tu. Chini zaidi, Thousand Springs huujaza mto upya. Mkulima wa kisima anapopiga pampu, athari yake haifiki mtoni siku ile: husafiri ndani ya mwamba kwa miezi au miaka, ikigawanyika kati ya chemchemi za chini na zile za karibu na American Falls, juu zaidi ya Milner, ambazo ndizo hulisha mfereji wa Twin Falls. Ukimzimia pampu leo, aliyedai hapati maji yake yote leo.

Hayo yalijitokeza bayana mwaka 2024. Tarehe 30 Mei, Idara ya Rasilimali za Maji iliamuru kusitishwa kwa haki za visima za baada ya Machi 1954 katika wilaya sita za maji ya ardhini, kwa kuwa ilikadiria kampuni ya mfereji ya Twin Falls ingepungukiwa ekari-futi 74,100. Ardhi iliyoguswa ilikuwa takriban ekari 500,000, na haukuwa mwaka wa ukame mkali. Mbegu zilikuwa tayari ardhini na mikopo ya msimu imeshachukuliwa. Hatari ilikuwa ya wakulima, lakini pia ya wasindikaji wa viazi, wafugaji na vibarua ambao hawana haki yoyote ya maji iliyoandikishwa kwa majina yao na hivyo hawana kiti mezani. Makubaliano ya muda yalifikiwa mwezi Juni, na mwishoni mwa mwaka huo pande husika zikaandika mpango mpya, unaozitaka wilaya za visima kupunguza matumizi kwa ekari-futi 205,000 kwa mwaka, badala ya 240,000 zilizokubaliwa mwaka 2015.

Hao wasio na kiti ni akina nani? Katika ufugaji wa ng'ombe wa maziwa, walio wengi ni wahamiaji kutoka Amerika ya Kilatini. Viza ya vibarua wa kilimo iitwayo H-2A hutolewa kwa kazi za msimu, na ng'ombe hukamuliwa kila siku ya mwaka, kwa hiyo wafugaji hawawezi kuitumia kama wanavyofanya wenye mashamba ya viazi. Ndiyo maana vyama vya wafugaji wa Idaho, jimbo lenye siasa za kihafidhina, vimekuwa mstari wa mbele kudai sheria ya uhamiaji ibadilishwe. Kundi jingine ni la wakimbizi. College of Southern Idaho mjini Twin Falls iliwapokea kwa miongo kadhaa, na miongoni mwao wamo Wakongo wazungumzao Kiswahili. Kiwanda cha mtindi cha Chobani kilichofunguliwa huko mwishoni mwa 2012 kinajulikana kwa kuajiri wakimbizi, hivyo katika mlolongo huu wa theluji, mfereji, alfalfa, ng'ombe na mtindi wapo pia watu waliotoka upande wetu wa dunia. Kwa wao, tarehe ya kisima cha mwajiri wa mwajiri wao ni jambo zito, hata kama hawajawahi kulisikia.

Jimbo halitegemei kuzima pampu pekee. Linalenga pia kurudisha maji ardhini, hasa wakati wa baridi, mashamba yanapokuwa yamelala na mto una maji ambayo mwenye haki ya zamani hayahitaji. Maji hayo hupitishwa kwenye mifereji ileile ya udongo na kuachwa yazame kwenye basalti, na makampuni ya mifereji hulipwa kwa kazi hiyo. Kiasi kinachopatikana hutegemea theluji ya mwaka husika, kwani haki ya jimbo ya kuyatumia maji hayo ni changa kuliko nyingi nyingine mtoni, na katika mwaka mkavu husubiri nyuma ya wote.